Mbwa akitapika na kuhara: alama za kutazama, ya kufanya nyumbani, na wakati wa kukimbilia veterineri

Kutoka Uvira mupaka Beni, katika lupango nyingi mbwa njo mulinzi wa usiku. Mwizi akikaribia, yeye njo wa kwanza kusema. Lakini siku anaacha kula, anatapika na kuhara, watu wengi wanafanya moja kati ya mambo mawili: wanangoja apone mwenyewe, ao wanamupa kompirime zenye zilibakia ndani ya nyumba. Yote mawili yanaweza kumuua, hata kama ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kutibika.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: mara nyingi, kile kinamuua mbwa mwenye kuhara na kutapika ni kukauka kwa maji mwilini. Mutoto wa mbwa wa kilo mbili ao tatu anaweza kuanza kuharisha jioni na kesho yake asubuhi hawezi tena kusimama. Kwa hiyo kazi ya mwenye mbwa ni kutazama mapema, kulinda maji ya mwili, kuacha dawa zisizofaa, na kujua saa ya kuondoka nyumbani kwenda kwa veterineri.

Kuhara ni alama, si jina la ugonjwa

Kuhara ni kama homa kwa mutu: inaonyesha kwamba kuko shida, lakini haisemi shida gani. Umri wa mbwa unasaidia kukisia.

Kwa mbwa mwenye hajafikisha miezi sita, fikiri kwanza minyoo na parvo. Kwa mbwa mukubwa, mara nyingi ni chakula kilichooza, mafuta mengi, mifupa, sumu, ao minyoo. Kwa mbwa muzee, kutapika kunaweza kutoka mbali na tumbo: figo ao maini yamechoka.

Mavi yenyewe yanasema kitu. Kama ni mengi na ya maji-maji, shida iko zaidi kwenye utumbo mwembamba, na hapo mwili unapoteza maji mbio. Kama ni kidogo-kidogo, mara nyingi kwa siku, na mbwa anajikaza, kuko ute na matone ya damu nyekundu, shida iko zaidi kwenye utumbo munene. Kama ni meusi na yananata kama lami, kuko damu inayotoka juu, kwenye tumbo ao mwanzo wa utumbo. Hiyo si ya kungojea.

Mambo matano ya kutazama kwa dakika tano

1. Fizi. Inua mudomo wa juu polepole, ila tu kama mbwa ni mupole, ana chanjo ya kichaa, na hana alama zenye tunaeleza chini kuhusu kichaa cha mbwa. Fizi nzuri ni za rangi ya waridi na ziko na maji-maji. Bonyeza kwa kidole kisha achilia: rangi inapashwa kurudi mbele ya sekunde mbili. Fizi kavu zenye kunata zinaonyesha maji yamepunguka. Fizi nyeupe zinaonyesha damu imepunguka ao haizunguki vizuri.

2. Ngozi. Shika ngozi kati ya mabega, ivute juu, kisha iachilie. Inapashwa kurudi mara moja. Kama inabakia imesimama kama hema, mbwa amekauka. Kwa mbwa muzee ao mwenye kukonda sana alama hii inaweza kudanganya, kwa hiyo tazama na fizi.

3. Joto. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya digri 38 na 39,2. Usimupime kwa kumushika masikio. Tumia termometre, kwenye tundu la nyuma, ukiisha kuipaka mafuta kidogo. Kupita 39,5 ni homa. Chini ya 37,5 kwa mbwa mugonjwa ni hatari kubwa.

4. Vyenye vinatoka. Hesabu ametapika mara ngapi, amehara mara ngapi, na kama kuko damu, minyoo, kipande cha mufupa ao cha sashe. Piga foto kwa simu. Veterineri ataelewa zaidi kwa foto moja kuliko kwa maelezo marefu.

5. Tumbo na akili. Je, tumbo limevimba na ni gumu? Je, anaitika ukimuita? Mbwa mwenye amehara mara mbili lakini anacheza hayuko sawa na mbwa mwenye amehara mara mbili na hatikisi tena mukia.

Parvo, muuaji wa watoto wa mbwa

Ugonjwa huu unaletwa na kirusi chenye kilijulikana duniani mwishoni mwa miaka ya 1970. Unapenda zaidi watoto wa mbwa wa kati ya juma sita na miezi sita wenye hawajapata chanjo. Mbwa akiisha kugusa kirusi, alama zinatokea mara nyingi nyuma ya siku tatu mupaka saba.

Kwanza anakuwa muzito na anakataa kula. Kisha anatapika. Kisha anahara maji yenye damu na harufu mbaya sana yenye huwezi kusahau. Kirusi kinaharibu ngozi ya ndani ya utumbo na pia askari wa damu wenye kulinda mwili. Mukingo ukivunjika, vijidudu vya utumbo vinaingia kwenye damu.

Hakuna dawa yenye inaua kirusi hicho moja kwa moja. Veterineri anatoa serumu kwenye mushipa, dawa ya kuzuia kutapika, na antibiotiki kwa kupiganisha vijidudu vyenye vinafuata nyuma. Mbwa wengi wasiotibiwa wanakufa. Wale wanaotibiwa mapema wengi wanapona. Tofauti kati ya hao wawili mara nyingi ni siku moja tu.

Watu wanauliza kama parvo ya mbwa inaambukiza watoto wetu. Hapana, haishiki watu. Na si kolera: kolera ni ugonjwa wa watu. Lakini miguu, viatu, ndoo na nguo zetu zinaweza kubeba kirusi cha parvo kutoka lupango moja kupeleka kwa ingine. Ndani ya udongo kinaweza kuishi miezi mingi, hata mwaka. Njo maana familia inazika mutoto wa mbwa, inanunua mwingine juma linalofuata, na huyo pia anakufa. Si uchawi, wala si jirani. Ni kirusi kilibakia kwenye kiwanja.

Kwa kusafisha saruji, ndoo na sahani, osha kwanza na sabuni, kisha weka javel: kipimo kimoja cha javel kwa vipimo 30 vya maji, na uache dakika kumi mbele ya kusukutua. Kwenye udongo ao kwenye mawe ya volkano ya Goma, javel haifanyi kazi vizuri. Hapo usilete mutoto wa mbwa mwenye hana chanjo zote.

Kuko pia ugonjwa wa Carré. Nao unaharisha, lakini mara nyingi unaanza kwa machozi mazito, makamasi na kukohoa, na nyuma unaweza kuleta kutetemeka kwa misuli. Chanjo yake mara nyingi iko pamoja na ile ya parvo.

Minyoo: inaingia hata mbele ya kuzaliwa

Watu wengi wanafikiri mutoto wa mbwa anapata minyoo kwa kula uchafu. Ile minyoo mirefu myeupe kama tambi inapita kutoka kwa mama kuingia kwa mutoto angali tumboni, na hata ndani ya maziwa. Njo maana tumbo linavimba kama mupira wakati mbavu zinaonekana.

Munyoo wa aina ingine una meno na unashika ukuta wa utumbo ukinywa damu. Fizi zinakuwa nyeupe, mavi yanakuwa meusi, na mutoto wa mbwa anaweza kufa kwa kukosa damu. Aina ya tatu ni tegu: utaona vipande kama punje za muchele karibu na mukia. Tegu huyo anapita kwa viroboto, kwa hiyo ukitibu tegu bila kuondoa viroboto, atarudi.

Dawa ya minyoo inaanza mutoto akiwa na juma mbili, inarudiliwa kila juma mbili mupaka juma nane, kisha kila mwezi mupaka miezi sita. Mbwa mukubwa anapewa kila miezi mitatu. Dawa zenye zinatumiwa sana ni pirantel na fenbendazole kwa minyoo mirefu na ile ya kunywa damu, na prazikwantel kwa tegu. Kipimo kinafuata kilo. Kama huna mizani ya mbwa, simama juu ya mizani na mbwa mikononi, kisha peke yako, na utoe hesabu. Usimupe levamizole ya mbuzi kwa kukisia: kati ya kipimo cha kutibu na kipimo cha sumu nafasi ni ndogo.

Kile alikula

Mifupa ya kuku na ya samaki ikiisha kupikwa inavunjika kama sindano na inaweza kutoboa utumbo. Gunzi la mahindi, kile kinabakia tukiisha kula mbegu, mbwa analimeza nzima na linaziba utumbo. Mbegu ya avoka inafanya vilevile. Mbwa mwenye utumbo umeziba anatapika kila kitu, hata maji, na hapati choo. Huyo anaomba upasuaji, si dawa ya kunywa.

Mafuta mengi ya mbuzi ya kuchoma siku ya sikukuu yanaweza kuwasha kongosho, na mbwa anatapika akikunja mugongo juu ya maumivu. Vitunguu, vibichi ao vya kupikwa, vinavunja damu ya mbwa. Maji yenye uliloweka muhogo muchungu yanaweza kuwa na sumu. Usiyamwage pale mbwa anakunywa.

Sumu ya panya mara nyingi inatoa damu nyuma ya siku chache: kwenye mavi, puani, kwenye fizi. Dawa ya wadudu ya shamba inatoa mate mengi, kuhara na kutetemeka kwa muda mufupi. Ukishuku sumu, chukua karatasi ao chupa ya dawa hiyo, ondoka mara moja. Usimulazimishe kutapika: vitu vingine vinachoma koo mara ya pili.

Na kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama vile mbwa wa kizungu aina ya berje: tumbo likivimba mara moja kama ngoma na mbwa anajaribu kutapika bila kitu kutoka, tumbo linaweza kuwa limejizunguka. Anaweza kufa ndani ya masaa machache.

Mbele ya kufungua mudomo, fikiri kichaa cha mbwa

Mbwa mwenye anatoa mate mengi, hawezi kumeza, taya linaning'inia, sauti imebadilika, wengi wanasema: "Amekwamwa na mufupa." Wanaingiza mukono. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa, kile wengi hapa wanaita raje, na kirusi kiko ndani ya mate. Mutu akiisha kuonyesha alama za ugonjwa huu, karibu hakuna mwenye anapona.

Usiingize mukono. Funga mulango wa lupango, ondoa watoto, ita veterineri. Kama ameuma mutu ao mate yameingia kwenye kidonda, osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha enda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Ya kufanya nyumbani

Hii ni kwa mbwa mukubwa, mwenye angali na akili, ametapika ao amehara mara chache, bila damu. Mutoto wa mbwa ni wa kwenda kwa veterineri siku hiyohiyo. Maji unamupa njiani.

Maji kwanza. Tumia pakiti ya SRO, ile ya watoto, ndani ya litri moja ya maji safi. Kama haiko, changanya litri moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawa na ukingo, bila kilima. Nyuma ya masaa 24, mwaga na utengeneze ingine.

Toa kidogo-kidogo. Kwa mbwa mudogo, kijiko kimoja cha chai kila dakika kumi. Kwa mukubwa, vijiko kadhaa. Akikunywa sahani nzima mara moja, atairudisha yote. Kama hataki, tumia sindano isiyo na ncha: tia pembeni ya shavu, polepole, bila kuinua kichwa chake juu. Kama amelegea na hamezi, usimutilie kitu mudomoni. Kitaingia kwenye mapafu. Kwa hesabu, mbwa wa kilo 10 katika siku ya kawaida anahitaji karibu nusu litri ya maji. Akiwa anahara, anahitaji kupita hapo.

Chakula. Mbwa mukubwa anaweza kupumuzika kula masaa 12, si zaidi. Mutoto wa mbwa usimufungishe: sukari ya damu inashuka mbio. Kisha mupe wali mulaini, vipimo viwili, na nyama ya kuku ya kuchemsha bila ngozi wala mifupa, kipimo kimoja. Bila mafuta, chumvi, pilipili wala kitunguu. Kama kuku ni wa bei, yai la kuchemsha linafaa. Gawanya mara nne kwa siku, kwa siku tatu ao ine, kisha rudisha chakula chake cha kawaida polepole. Sombe ya jana yenye mawese na pilipili si chakula cha mugonjwa.

Kama nyuma ya masaa 24 haonyeshi nafuu, nyumbani kumeisha.

Dawa za watu: hapa njo tunakosea

- Ibuprofene na diklofenake zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo.
- Parasetamole inaweza kuharibu maini na damu yake.
- Aspirini inaongeza kutoka kwa damu.
- Dawa za kufunga kuhara, kama loperamide, zinafunga sumu na vijidudu ndani, na kwa mbwa wa aina zingine zinagusa ubongo.
- Metronidazole na antibiotiki zingine zinaweza kusaidia kwa magonjwa fulani, lakini kwa kipimo cha veterineri. Kwa kipimo kikubwa, metronidazole inamufanya mbwa ayumbe kama mulevi.

Maziwa hayaondoi sumu. Mbwa wengi wakubwa hawawezi kuyasaga vizuri na yanazidisha kuhara. Mawese yaliyomwagwa kooni yanaweza kuingia kwenye mapafu. Petroli ni sumu tu.

Usingoje kesho kama

- ni mutoto wa mbwa na anatapika na kuhara pamoja;
- kuko damu, ao mavi meusi kama lami;
- anarudisha hata maji;
- fizi ni nyeupe ao kavu, ngozi inabakia imesimama;
- tumbo limevimba na ni gumu;
- anatetemeka, anayumba, ao hasimami;
- unashuku sumu.

Tunajua hali ya hapa: kuko saa zenye huwezi kutoka nyumbani, na kuko vijiji visivyo na veterineri karibu. Kwa hiyo tafuta namba ya veterineri ao ya agenti wa mifugo wa eneo lako leo, wakati mbwa ni muzima. Butembo, chuo kikuu cha Graben kina fakilte ya veterineri. Lubumbashi pia, kwenye chuo kikuu cha muji. Ofisi za serekali za kilimo na mifugo zinaweza kukuelekeza. Na weka ndani ya kopo moja: pakiti mbili za SRO, sindano isiyo na ncha, termometre, sabuni na javel. Kopo hilo linaweza kumushikilia mbwa usiku mupaka asubuhi.

Chanjo, frigo, na usafi

Chanjo ya parvo inaanza kwenye juma la sita ao la nane, inarudiliwa kila juma tatu ao ine mupaka juma la 16, kisha nyuma ya mwaka. Juu ya nini kurudilia? Kinga yenye mutoto alipata kwa mama inaweza kuzuia chanjo ya kwanza kufanya kazi, na hakuna mwenye anajua siku gani kinga hiyo inaisha. Mwenye anapiga moja na kuacha, anaweza kuwa hajalinda kitu.

Uliza pia chanjo ililala wapi. Inapashwa kukaa kati ya digri 2 na 8. Kwetu umeme unakatika, na chanjo yenye imepata moto inaweza kuwa maji tu. Muuzaji muzuri hatakasirika ukimuuliza kama frigo ilikuwa na umeme, na ataiweka ndani ya termosi yenye barafu kwa safari. Usisahau chanjo ya kichaa cha mbwa; hiyo inalinda mbwa na watu wote wa nyumba.

Mwisho, okota mavi kila siku ukiweka sashe mukononi, na uyazike mbali na maji na mahali watoto wanachezea. Kila siku, sababu mayai ya ile minyoo mirefu yanahitaji juma mbili ao zaidi ndani ya udongo mbele ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Mutoto wa mutu akiyameza, minyoo inaweza kutembea mwilini mupaka machoni. Ile minyoo ya kunywa damu inaingia kwa ngozi ya miguu peku na inaacha mistari yenye kuwasha. Sabuni mikononi nyuma ya kucheza na mbwa, na viatu kwenye lupango, vinatosha kuzuia mengi.

Leo jioni, mbele ya kumufungulia mbwa wako aanze zamu, muangalie kidogo: kama amekula, na kama mavi yake ya leo ni magumu. Ukizoea kuona hali yake ya kila siku, utatambua mapema siku amegonjwa.